Video ni yako, televisheni ni yako. Bando la nini?

*Familia nyingi zenye televisheni janja hulipia intaneti ili kutazama kitu ambacho tayari kimo ndani ya nyumba. Njia ya kukwepa gharama hiyo ipo kwa zaidi ya miaka 20, lakini watengenezaji wameacha kuitangaza na wanunuzi hawaidai.*

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Ndani ya muda mfupi Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji nazo zikayumba. Sebuleni, televisheni janja zilibaki na kile kiduara kinachozunguka bila kufika popote, na watoto waliosubiri katuni wakaambiwa intaneti hakuna. Katika nyingi ya nyumba hizo, juu ya meza iliyo hatua tatu kutoka kwenye televisheni, palikuwa na kompyuta yenye katuni, mkanda wa harusi, mahubiri, mawaidha na filamu za kutosha jioni nzima.

Kompyuta ilikuwa nzima. Televisheni ilikuwa nzima. Ruta iliyo kati yao ilikuwa imewasha taa zake zote isipokuwa ile ya intaneti. Kilichoharibika kilikuwa zaidi ya kilomita 2,000 kusini mwa Dar es Salaam. Hoja ya makala haya ni moja: kitu kilichomo ndani ya nyumba hakipaswi kuomba ruhusa ya nje ili kihame kutoka chumba kimoja hadi kingine. Teknolojia ya kukihamisha ipo, haina malipo kwa mwenye kompyuta na ruta, na ni ya zamani kuliko televisheni janja zenyewe. Ikiwa familia nyingi haziitumii, ugumu wake si sababu pekee. Wapo wanaofaidika isipotumika, na tupo sisi wanunuzi ambao hatujajua la kudai.

Wi-Fi haiishi

Kosa la kwanza limo katika maneno yetu. Kwa watu wengi Wi-Fi imekuwa jina jingine la intaneti, ndiyo maana husikika "Wi-Fi imekata" au "Wi-Fi imeisha". Wi-Fi haiishi, kinachoisha ni bando. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha vifaa vilivyo karibu na ruta, na ruta hiyo ina kazi mbili zisizofanana. Kazi ya kwanza ni ya geti: kupokea kinachotoka nje na kutoa kinachokwenda nje, na hapo ndipo kampuni ya simu inapohesabu megabaiti zake. Kazi ya pili ni ya ua: kuvikutanisha vifaa vya nyumba moja bila kimojawapo kutoka nje. Anayepeleka sinia kutoka jikoni hadi barazani kupitia uani hapandi daladala, na hakuna kondakta wa kumdai nauli. Vivyo hivyo, faili linalotoka kwenye kompyuta, likapita kwenye ruta, likafika kwenye televisheni, halijagusa geti. Ng'oa waya wa intaneti, toa laini kwenye ruta, na picha itaendelea. Hata pasipo na ruta, simu nyingi huweza kushika nafasi yake: washa hotspoti, zima data, kisha unganisha kompyuta na televisheni kwenye simu hiyo moja.

Hesabu ya kinachookolewa si ndogo. Netflix yenyewe hueleza kwamba picha za HD zinaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kwa kiwango hicho katuni ya dakika 20 ni GB 1, na kila mzazi anajua kwamba mtoto akiipenda katuni haitazami mara moja. Akiirudia mara 30 katika likizo moja, GB 30 zimepita getini kwa kitu kile kile, tena kwa mtoto ambaye amekwisha kukariri kila neno. Katuni hiyo ikipakuliwa mara moja kwa njia halali na kuhifadhiwa kwenye kompyuta, mara 29 zinazofuata hazigharimu chochote.

Kasi nayo haina tatizo linalodhaniwa. Filamu ya saa 2 yenye ukubwa wa GB 4 inahitaji wastani wa megabiti 4.4 kwa sekunde. Tundu la waya wa mtandao lililo nyuma ya televisheni nyingi hupitisha hadi megabiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo filamu hiyo inatumia chini ya asilimia 5 ya njia. Kwa Wi-Fi pana jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: kompyuta na televisheni zote zikiwa hewani, kila kipande cha picha husafiri hewani mara mbili, kwanza kutoka kompyuta hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi televisheni, na nafasi hugawanyika. Hapo ndipo picha inapoanza kugandaganda na lawama kupelekwa kwa intaneti isiyohusika. Dawa ni waya mmoja tu. Ukiichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, na televisheni ikabaki kwenye Wi-Fi, msongamano unapungua kwa nusu.

> Ng'oa waya wa intaneti, toa laini kwenye ruta, na picha itaendelea.

Flashi ina kazi yake, lakini ina mwisho

Atakayesoma hadi hapa anaweza kuuliza: taabu yote hii ya nini, wakati flashi ipo? Swali ni la haki. Flashi imeifanyia Afrika Mashariki kazi ambayo mitandao mingi ya gharama haijaifanya. Nyumba inayotazama filamu moja kwa wiki haina haja ya kitu kingine, na makala haya hayana nia ya kumwuzia mtu tatizo asilokuwa nalo. Lakini flashi nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Mkanda wa harusi uliorekodiwa kwa kamera ya kisasa huvuka kiwango hicho kabla bibi harusi hajafika ukumbini, na faili hukataliwa ilhali flashi iko nusu. Juu ya hapo flashi moja haiwezi kuwa chumbani kwa watoto na sebuleni kwa wakati mmoja. Na kila inapotoka nje kwenda kujazwa kwenye kompyuta ya watu, inaweza kurudi na virusi.

Waya wa HDMI nao huonyesha picha safi, lakini huifunga kompyuta mguuni pa televisheni. Anayetaka kuandika ripoti husubiri filamu iishe. Kompyuta iliyogeuzwa kuwa seva, yaani mgawaji wa mafaili, inaweza kuwa chumba cha pili huku mtu anaifanyia kazi, na televisheni mbili zikachota humo vitu viwili tofauti. Kila kitu kinabaki mahali pamoja, kwa majina yake, na rimoti ya televisheni ndiyo inayochagua.

Ipo pia sababu ya kiutu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, inayojulikana kuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji. Tangu hapo kila familia yenye mikanda ya miaka ya 1980 na 1990 imekuwa ikishindana na wakati: mikanda inahamishiwa kwenye kompyuta kabla haijaota ukungu au deki ya mwisho mtaani haijafa. Baada ya kuhamishwa itazamwe wapi? Wengine hushauri ipandishwe YouTube. Ushauri huo unasahau kwamba muziki uliopigwa ukumbini una wenyewe, na mtambo wa YouTube huutambua na unaweza kuizuia video. Unasahau pia kwamba zipo sherehe ambazo hazikurekodiwa ili zitoke nje. Katika miji ya pwani, video ya singo au ya ngoma ya wanawake ni ya wanawake wa ukoo ule. Mwenye nayo hataki ikae kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo hata kama imefichwa kwa neno la siri. Njia ya uani ndiyo inayomfaa, na inamfaa bila kumtaka amwamini mtu yeyote asiyemjua.

Wanafunzi wa Paris na dishi moja

Wazo hili halikuanza na televisheni janja. Mwaka 1996, katika chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, wanafunzi walitaka mtandao wa chuo wenye kasi zaidi. Mradi uliokubalika kwa wafadhili ulikuwa huu: badala ya kila mwanafunzi kuwa na dishi na king'amuzi, pawe na dishi moja, na picha zake zisambazwe kwa kompyuta za mabweni kupitia mtandao wa ndani. Mradi ukaitwa VideoLAN. Februari 1, 2001 programu yake ikaachiwa kwa leseni huria, na sehemu ya mtazamaji ndiyo ile VLC yenye alama ya koni ya barabarani, iliyomo katika kompyuta nyingi za mikahawa ya intaneti, studio za harusi na ofisi kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Watu hudhani ni programu ya kufungulia mafaili sugu. Jina lake linasema vingine: ilizaliwa kwa ajili ya kupokea picha kupitia mtandao wa ndani, bila kutoka nje.

Viwanda vilifuata. Juni 2003 kampuni kadhaa zikiongozwa na Sony na Intel ziliunda umoja ambao mwaka uliofuata ulichukua jina la DLNA. Makubaliano yao yalikuwa rahisi kueleza: kifaa chenye video kijitangaze kwenye mtandao wa nyumba, kifaa chenye kioo kikisikie, na viwili hivyo vielewane hata kama kimoja ni cha kampuni hii na kingine cha mshindani wake. Kwa miaka kadhaa alama ya DLNA ilibandikwa kwenye maboksi ya televisheni, kompyuta, deki za Blu-ray na simu. Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja na uwezo wa kuituma video kwenye televisheni kwa kubonyeza faili tu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kisha umoja ukavunjwa. Mwanzoni mwa 2017 DLNA ilitangaza kwamba kazi yake imekamilika, na ukaguzi wa alama ukakabidhiwa kampuni nyingine. Microsoft ilikuwa imekwisha kuiondoa Windows Media Center, programu yake ya kutazamia video, katika Windows 10 ya mwaka 2015. Leo televisheni nyingi bado zinaielewa lugha ile, lakini haitajwi kwenye boksi na haimo kwenye ukurasa wa kwanza wa menyu. Mnunuzi hukutana na Netflix na YouTube, tena zikiwa na vitufe vyao kwenye rimoti, huku njia ya kuifikia kompyuta yake mwenyewe imesukumwa ndani ya orodha ya vyanzo, baada ya HDMI 3 na USB.

Kwa nini? Jibu langu ni la kibiashara. Februari 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, kuishtaki kwamba ilikusanya taarifa za yaliyotazamwa kwenye televisheni milioni 11 bila wenyewe kuelewa, sekunde kwa sekunde, yakiwamo yaliyotoka kwenye DVD. Miaka minne baadaye, katika taarifa zake za mwaka 2021, faida ghafi ya Vizio kutokana na matangazo na takwimu ilikuwa imeipita ile ya kuuza televisheni zenyewe. Weka mambo hayo mawili pamoja. Mtengenezaji anayepata zaidi kwa kuyauza macho yako kuliko kwa kukuuzia kioo hana sababu ya kukurahisishia kutazama mkanda wa harusi ya dada yako, ambao hauna tangazo ndani yake.

Kitufe kinachodanganya macho

Watetezi wa mfumo wa sasa wana jibu lao: DLNA imekufa kwa sababu kimekuja kitu bora. Julai 2013 Google ilileta kifaa cha Chromecast kwa dola 35, na tangu hapo mtu hubonyeza alama ya kurusha kwenye simu, picha ikatokea ukutani. Ni kweli, ni rahisi, na urahisi huo si jambo la kubezwa. Mfumo wa zamani ulikuwa na menyu ambazo hata fundi aliziogopa. Lakini angalia kinachotokea ndani. Anapobonyeza alama ile kwenye YouTube, mtu hudhani simu inaipa televisheni picha. Simu inatuma anwani tu. Televisheni hupokea anwani hiyo, kisha inakwenda yenyewe nje ya geti kuichota video upya. Macho yanaona safari ya chumba kimoja, bando linalipa safari ya barabara kuu.

Na safari hiyo ina walinzi wake. Machi 9, 2025 wenye Chromecast za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2015, waliamka wakakuta vifaa vyao vinasema haviaminiki. Cheti cha kidijitali kilichotolewa kwa miaka 10 kilikuwa kimefika mwisho na hakuna aliyekumbuka kukibadilisha. Hitilafu haikuwa nyumbani kwa mtu yeyote. Google ilitoa marekebisho ndani ya siku chache, lakini kwa siku hizo kifaa kizima, kilicholipiwa, kilichochomekwa kwenye televisheni nzima, kilikataa kazi kwa sababu ya karatasi iliyokwisha muda mbali.

Upande wa maktaba za kulipia hali ni hiyo hiyo. Desemba 2023 wateja wa PlayStation waliarifiwa kwamba vipindi vya Discovery walivyovinunua vingeondolewa kwenye akaunti zao mwisho wa mwezi; viliokolewa na mkataba mpya uliopatikana dakika za mwisho. Kenya iliuona mfano wa karibu zaidi: Netflix ilifungua huduma ya bure kwa simu za Android Septemba 2021, na Novemba 2023 ikaifunga. Hakuna aliyeibiwa hapo, kwa kuwa masharti yaliandikwa. Ila mtu ajue anachokishika. Jimbo la California limeona tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kuitungia sheria: tangu Januari 1, 2025 muuzaji wa kazi za kidijitali haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu.

> Macho yanaona safari ya chumba kimoja, bando linalipa safari ya barabara kuu.

Kinachokataa ni lugha, njia ni nzima

Pingamizi la kawaida zaidi hutoka kwa waliokwisha kujaribu: televisheni iliiona kompyuta, ikaliona faili, ikakataa kulifungua, au picha ilitoka bila sauti. Wengi walihitimisha kwamba mfumo haufanyi kazi. Ukweli ni kwamba mtandao ulifanya kazi yake yote, na kilichogoma ni tafsiri. Faili la video ni kasha, MP4 au MKV, na ndani ya kasha mna picha iliyofinywa kwa lugha moja na sauti iliyofinywa kwa lugha nyingine. Televisheni inayoelewa H.264, lugha ya picha iliyopitishwa 2003, huenda isiielewe HEVC ya 2013. Kwa sauti mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa baadhi ya lugha zina leseni za kulipiwa. Samsung, kwa mfano, iliacha kuunga mkono sauti ya DTS katika televisheni zake kuanzia 2018, na ndiyo maana faili lile lile huongea kwenye televisheni ya zamani ya jirani na kuwa bubu kwenye mpya ya mwenye nalo.

Hapa ndipo programu nzuri ya seva inapoonyesha thamani yake juu ya flashi. Flashi huipa televisheni faili lilivyo, ichague kufungua au kushindwa. Seva inaijua televisheni inayoongea nayo, na ikiona haielewi lugha fulani, hutafsiri papo hapo. Mara nyingi haihitaji kuigusa picha. Hubadilisha sauti peke yake, kazi ambayo hata kompyuta mpakato ya miaka kumi iliyopita huimudu. Kuibadilisha picha nzima ndiko kunakochosha kompyuta hadi feni ikapiga kelele. Universal Media Server hufanya hivyo kwa televisheni za DLNA. Jellyfin, iliyoanzishwa Desemba 2018 pale waandishi wa programu ya Emby walipoamua kuifunga kazi yao, ni huria, haina malipo wala akaunti ya kampuni yoyote. Plex ina sura nzuri zaidi, lakini humtaka mtu afungue akaunti kwao, na tangu Aprili 29, 2025 kuitazama maktaba yako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba kumekuwa kwa kulipia. Kwa hoja inayotetewa hapa, chaguo ni Jellyfin au Universal Media Server. Kwa anayetaka wepesi kabisa, VLC iliyowekwa kwenye televisheni ya Android huweza kulisoma folda la kompyuta lililofunguliwa kwa mtandao wa nyumbani, bila seva yoyote.

Mambo mawili madogo huvunja watu moyo bure. Windows ikiambiwa kwamba mtandao wa nyumbani ni wa hadharani hujificha, na televisheni haitaiona kamwe; ielezwe kwamba ni mtandao binafsi. La pili ni usingizi: kompyuta iliyoachwa na mpangilio wake wa kawaida hulala katikati ya filamu, na familia huamini kwamba mtandao umekatika.

Je, si kuwasaidia wezi wa kazi za wasanii?

Hili ni pingamizi zito, na halijibiwi kwa kulikwepa. Kompyuta nyingi zimejaa filamu zilizonakiliwa kutoka maduka ya muvi bila mtayarishaji kuambulia shilingi. Soko la DVD za Bongo Movie liliumizwa vibaya na nakala za bei ya kutupa, na wapo waigizaji waliojulikana nchi nzima ambao hawakuona faida ya umaarufu wao. Taasisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania na KECOBO ya Kenya, zina sababu ya kuwepo, na anayesoma makala haya kama ruhusa ya kuchukua jasho la mtu amesoma vibaya.

Lakini pingamizi hilo linamkamata asiyehusika. Wizi wa filamu huhitaji kitu kitakachotoka nyumba moja na kuingia nyingine. Kazi hiyo hufanywa na flashi, na tovuti za kupakua, na magrupu ya Telegram. Mtandao wa ndani ndio njia pekee kati ya zote ambayo kwa maumbile yake haitoki nje: ile sauti ya kifaa inayosema "nina video" hutumwa kwenye anwani maalumu ya mtandao wa nyumbani, na ruta za kawaida haziipitishi getini. Mwizi haimfai hata kidogo. Hoja kama hii iliwahi kupelekwa mahakamani. Studio za Hollywood zilitaka mashine za kurekodi za Betamax zihesabiwe kuwa chombo cha wizi, na Januari 17, 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye ni matumizi ya haki. Studio zile zile baadaye zilivuna fedha nyingi kwa kuuza kaseti. Sheria za kwetu si za Marekani, na kila nchi ina mipaka yake. Ninachochukua kutoka kesi hiyo ni kwamba chombo cha nyumbani hakihukumiwi kwa kosa la muuzaji wa mtaani.

Na vilivyo halali ni vingi kuliko tunavyokumbuka. Mbali na kumbukumbu za familia, kuna mihadhara, kwaya, kaswida, masomo. Kolibri ya shirika la Learning Equality imejengwa juu ya wazo hili hili: masomo hupakuliwa mara moja, kisha kompyuta moja huyagawa kwa vifaa vya shule bila intaneti. Shule yenye kompyuta moja na televisheni moja ya inchi 43 inaweza kuonyesha somo la biolojia kwa darasa zima hata siku ambayo mwalimu hana salio.

Geti lifungwe

Usalama ndiyo sehemu ambayo watetezi wa seva za nyumbani huipita haraka, na hawatendi haki. Wezi walioingia LastPass, kampuni ya kuhifadhi nywila, mwaka 2022 walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja. Walitumia tundu katika programu ya Plex aliyokuwa hajaisasisha, ingawa marekebisho yalitolewa Mei 2020. Seva ya nyumbani ni mlango, na mlango una adabu zake: isasishwe, na isifunguliwe kwa nje ya nyumba na mtu asiyejua anachofanya.

Kwa mazingira yetu kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. DLNA haina nywila. Kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaweza kuona kilichogawiwa, na katika nyumba za kupanga ambako wapangaji wanachangia ruta moja, hao ni majirani wote. Lifunguliwe folda moja tu lililochaguliwa, lisifunguliwe diski zima lenye hati za benki na picha za faragha. Wanaoishi hivyo watumie Jellyfin, ambayo humpa kila mtu jina na neno lake la siri, na ile video ya singo isiwekwe penye kuonwa na wapangaji.

Ushahidi wote huu unarudi pale pale: njia ya uani ipo na ni salama ikitunzwa, ila inapotea kwa kukosa wa kuidai. Mashirika ya viwango yanayokagua televisheni zinazoingia nchini yangeweza kuagiza boksi lieleze wazi kama kifaa kinapokea video kutoka kompyuta ya nyumbani bila intaneti, na ni aina zipi za picha na sauti kinazozielewa. Mstari mmoja tu ungetosha. Mpaka hilo lifanyike, kazi ni ya mnunuzi. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiunganishe televisheni hiyo na Wi-Fi ya duka, azime intaneti, kisha akuonyeshe kwenye kioo video iliyomo ndani ya kompyuta ya duka. Akishindwa, usiinunue.